Mpangaji na Mpangiwa

Je, mwenye elimu ana haki ya kumchagulia njia asiyekuwa nayo? Barazani swali hili ni jepesi. Shambani ni zito, na wakulima wa Usukumani walilijibu kwa machungu.

Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa kuendeleza Usukumani, na makao yake yalikuwa Malya. Nia haikuwa mbaya, kwa kuwa ardhi ilichoka na malisho yalipungua. Lakini mkulima alilimishwa matuta kwa amri, akapunguziwa ng'ombe kwa amri, na mkaidi akatozwa faini. Wataalamu walijua habari za udongo. Habari za moyo hawakuziuliza. Mwaka 1958 maelfu ya watu wa Geita walifika Mwanza kulalamikia baraza waliloundiwa pasipo ridhaa yao.

Wakati huo huo wakulima wa pamba walijipangia wenyewe. Mwaka 1955 waliunganisha vyama vyao katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, chini ya Paul Bomani, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru.

Uhuru ulibadili watawala. Je, ulibadili desturi ya kupanga? Mpango wa Miaka Mitano wa 1964 uliandaliwa Dar es Salaam na watumishi wakuu, wageni na wenyeji. Ulitazamia vijiji vipya vya walowezi, vyenye mashine na nyumba za gharama. Mwaka 1966 serikali ilitangaza kwamba haitaanzisha vingine, maana gharama zilikuwa kubwa na faida ndogo.

Yuko atakayesema kuwa kila mtu akiulizwa mpango hautakwisha, na njaa haingoji. Ni kweli. Lakini fundi wa mtumbwi hujua mbao, na mvuvi hujua mawimbi. Fundi asiyemsikiliza mvuvi huunda jeneza.

Kwa hiyo mtumishi mkuu ana deni mara mbili: kumwambia waziri ukweli usiompendeza, na kumsikiliza mkulima asiyejua kuandika barua. Akilipa la kwanza tu, ni msomi mwaminifu. Akilipa la pili tu, ni jirani mwema. Asipolipa lolote, mkulima hataona tofauti kati yake na yule bwana wa zamani, ijapokuwa wanasema lugha moja.