Nani Aseme Basi?

Mwaka 1978, huko Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani ambaye mimba yake ilitungwa nje ya mwili wa mama. Jambo hilo ni jema, lakini limeleta mzigo mpya. Zamani mwanamke mwenye umri wa miaka 43 aliambiwa kuwa Mungu hakumjalia, akalia, akanyamaza. Leo huulizwa: mbona hujaribu tena?

Mayai huzeeka pamoja na mwenyewe, wala dawa haziyarudishii ujana. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2013 ulipendekeza majaribio 3 kamili kwa aliye chini ya miaka 40, bali moja tu kwa mwenye miaka 40 hadi 42. Hesabu hiyo yaeleza uwezekano. Haimwambii mtu namna ya kuishi.

Wapo watakaomkumbusha kwamba kwetu mtoto wa mdogo wake humwita mama mkubwa. Ni kweli, na ni utajiri wa lugha yetu; lakini si haki kuutumia kumziba kinywa anayelia. Sindano huchoma mwili wake, si wa wifi wala wa mavyaa. Akiendelea, na iwe kwa kumtamani mtoto, si kwa kuogopa kuitwa tasa. Na siku atakaposema basi, tusimdai sababu.