Kulea ili Kutoa

Somo: Kutoka 2:1–10, Mithali 12:10



Habari ya mtoto Musa katika kisafina kando ya mto tunaijua tangu Shule ya Jumapili. Mara nyingi tunamtazama binti Farao aliyemwokoa, au dada yake aliyesimama kwa mbali. Leo tumtazame mama. Aliambiwa amchukue mtoto, amnyonyeshe, naye atalipwa mshahara wake. Kila siku aliyompakata alijua kwamba iko siku atampeleka. Naye alipokua, akampeleka. Mama huyu alilea ili atoe.

Tunataka kulitumia somo hili katika jambo ambalo wengine watashangaa kuliona katika gazeti la parishi: watoto wa mbwa wanaotupwa. Hatumlinganishi Musa na mbwa; mwanadamu peke yake ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Lakini Mithali yasema kwamba mtu mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Na Mungu alipomjibu Yona juu ya Ninawi, hakutaja watu tu. Alitaja pia wanyama wengi waliokuwamo.

Hapa kwetu mbwa ni mlinzi. Hufukuza ngedere na nguruwe mwitu katika mahindi, na usiku hubweka mwizi akikaribia. Lakini jike akizaa watoto sita au saba, wako wanaochagua dume mmoja au wawili, na waliosalia, hasa majike, hutiwa katika kiroba na kuachwa kando ya barabara au kutupwa mtoni. Vijito vya Uluguru huingia Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa hata Dar es Salaam. Je, hayo ndiyo tunayowapelekea ndugu zetu wa bondeni? Tena tangu mwaka 2008 nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama. Kumtesa mnyama si dhambi tu, ni kosa.

Basi aliyewaokota afanye nini? Wengi husema, "Siwezi kufuga mbwa watano." Ni kweli, wala hakuna anayekutaka uwafuge daima. Unaombwa uwalee mpaka wawe tayari kwenda kwa wenyewe. Huko Nairobi kiko chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, ambacho mwanzo wake ni mwaka 1910. Mbwa waliookotwa hutunzwa pale mpaka wapatiwe nyumba. Kazi hiyo yaweza kufanywa hata katika ua wa nyumba moja ya Mkuyuni.

Lakini tusijidanganye kwamba ni kazi ndogo. Mtoto wa mbwa huzaliwa kipofu, na macho hufumbuka baada ya siku 10 hadi 14. Kwanza anahitaji joto: sanduku, matambara, na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa. Akiwa na baridi asilishwe, kwa maana chakula hakitasagika tumboni. Kama yuko jike jirani mwenye maziwa, jaribu kwake kwanza, ukiangalia asiwaume. Hata dada yake Musa alikwenda kutafuta mnyonyeshaji. Asipopatikana, muulize bwana mifugo maziwa yanayofaa, kwa kuwa maziwa ya ng'ombe matupu huwaharisha. Umnyweshe kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku, akiwa amelala kifudifudi, kamwe si chali kama mtoto wa mtu, asije akapaliwa. Kisha umpanguse chini kwa kitambaa chenye unyevu, kama mama yake ambavyo angemlamba, ndipo atakojoa. Dawa ya minyoo huanza katika wiki ya pili. Uji laini huanza katika wiki ya tatu au ya nne, na asiondoke kabla ya wiki 8.

Tena kuna malezi ya tabia. Samaki mkunje angali mbichi. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 ndipo mbwa ajifunzapo kuwaamini watu, kusikia kelele, na kukaa na kuku na mbuzi. Anayepigwa na kutishwa siku hizo huja kuwa mbwa mwenye kuuma kwa hofu.

Hapa tuseme wazi juu ya kichaa cha mbwa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba Tanzania ilikuwa ikipoteza watu wapatao 1,500 kila mwaka kwa ugonjwa huu, na waliohesabiwa rasmi walikuwa wachache sana. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo watoto wetu wasiokote mbwa bila mtu mzima. Akiuma au kukwaruza, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, na mtu aende kituo cha afya siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo. Siku za chanjo zikitangazwa, wapelekeni watoto wa mbwa pamoja na wakubwa. Shirika la Afya Duniani laelekeza wasiachwe kwa sababu ya udogo wao. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mbwa aliyelelewa na kuchanjwa ni ngao kwa kijiji. Aliyetupwa akaishi porini ni hatari kwa kijiji.

Tuwakumbuke pia jirani zetu Waislamu, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi. Upendo wetu kwa mnyama usiwe adha kwa jirani. Mbwa wakae ndani ya ua wetu, mbali na mlango wake na ndoo zake. Nao wanayo habari ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe; basi tukizungumza kwa heshima tutasikilizana.

Ndugu zetu, somo hili latufundisha mambo matatu.

Kwanza, kulea kwa muda si kulea nusu. Mama yake Musa hakumnyima maziwa kwa sababu atamtoa.

Pili, tusitoe kwa yeyote tu. Mwulize anayekuja: utamlisha nini? Utampeleka kwenye chanjo? Utamfunga mchana kutwa juani? Asiye na jibu, asipewe. Ni afadhali kungoja wiki mbili zaidi kuliko kumtoa mtoni na kumpeleka kwenye mateso.

Tatu, siku ya kutoa itauma. Watoto wa nyumbani watalia. Tusiwacheke, wala tusiwadanganye kwamba mbwa atarudi. Tuwaambie kwamba wamefanya kazi ya Mungu. Wako kati yetu waliolea yatima wa ndugu zao, wakawarudisha kwao wakiwa wakubwa. Hao wanaujua uchungu huu kuliko sisi tunaoandika. Vyote tulivyo navyo ni vya Bwana, hata watoto tuliowazaa wenyewe. Tumepewa tuvilee, siyo tuving'ang'anie. Mtoto anayejifunza hilo kwa mbwa mdogo akiwa na miaka minane hatalisahau akiwa na themanini.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeumba kila chenye pumzi, utupe huruma kwa vilivyotupwa, subira ya kuamka usiku, na mikono iliyo tayari kufunguka siku ya kutoa. Uwalinde watoto wetu na maradhi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.