Maana ya Jina na Aliyelitoa

Karibu kila jina la mtu lilianza likiwa neno la kawaida lenye maana yake, na karibu kila jina huendelea kufanya kazi hata maana hiyo ikisahaulika. Anayeitwa Shida anaweza kuwa tajiri, na Masika akawa amezaliwa wakati wa kiangazi kwa kuwa jina ni la bibi yake. Hakuna atakayesema kwamba watu hao wanaitwa kwa makosa.

Jambo hili lilimshughulisha Plato, katika Ugiriki ya karne ya 4 kabla ya Kristo. Katika majadiliano yake yaitwayo Cratylus, mtu mmoja anashikilia kwamba kila kitu kina jina lake sahihi kwa asili. Mwenziwe, Hermogenes, anajibu kuwa majina ni makubaliano ya watu tu. Hermogenes anaambiwa kuwa hata jina lake si lake: maana yake ni mzaliwa wa Hermes, mungu wa faida, na yeye mwenyewe ni fukara. Ni mzaha, lakini ndani yake mna swali zima.

Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alilijibu mwaka 1843 bila kuzunguka: jina la pekee huelekeza tu, halielezi. Mji wa Dartmouth, Uingereza, umeitwa hivyo kwa kuwa uko kwenye mlango wa mto Dart, lakini mto ukibadili njia, mji utabaki Dartmouth. Mwanafalsafa Mmarekani Saul Kripke, katika mihadhara yake ya Chuo Kikuu cha Princeton ya mwaka 1970, aliongeza namna jina linavyomfikia mwenyewe: kuna siku ya kupewa, kisha jina hupokezanwa kutoka mdomo hadi mdomo, na kila anayelitumia ameshika mnyororo unaorudi kwenye siku ile.

Siku ile ndiyo iliyostahili kuangaliwa zaidi. Mill alilitazama jina kutoka upande wa anayeitwa, na kwa upande huo hana kosa. Anayetoa jina, hata hivyo, huwa ana la kusema. Sikujua, Sikudhani, Tabu, Mashaka, Majuto: hakuna hata moja linalomweleza mtoto. Ni maneno ya mzazi kuhusu ndoa yake, mimba yake, mwaka wake mgumu, na mara nyingine ni ujumbe kwa jirani au mawifi ambao usingeweza kusemwa waziwazi bila kuzua ugomvi. Habimana, jina la Rwanda na Burundi, ni sentensi kamili: Mungu yupo. Wayoruba waliofiwa na watoto mfululizo humwita anayefuata Malomo, usiende tena, na hapo anayeambiwa ni mtoto mwenyewe.

Familia ya Mwalimu Nyerere inaonyesha jambo hili kwa vizazi viwili. Kwa Wazanaki, Nyerere ni jina la viwavi, na baba yake aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa wakati viwavi walipovamia nchi. Mwanawe alizaliwa Aprili 1922 siku ya mvua kubwa, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Leo uwanja wa ndege wa Dar es Salaam unabeba jina hilo la viwavi na hakuna abiria anayewafikiria wadudu. Warumi walipitia njia hiyohiyo: Cicero, jina la msemaji wao mkubwa kuliko wote, limetokana na neno la Kilatini la dengu.

Mahali pengine mzazi hana nafasi ya kuchagua. Kwa Waakan wa Ghana, mvulana wa Ijumaa ni Kofi, na Kofi Annan alizaliwa Ijumaa, tarehe 8 Aprili 1938. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Hapo hata kuuliza tafsiri ya jina ni kukosea swali, kwa kuwa maana yake ni mtu. Mama humwita mwanawe mdogo "baba", wala hatanii.

Mtoaji jina akiwa dola, mambo hubadilika. Serikali inayotaka kutoza kodi na kuandikisha askari huhitaji jina lisilohama, ndiyo maana Japani ililazimisha majina ya ukoo mwaka 1875 na Uturuki mwaka 1934. Utaratibu uliozoeleka Tanzania, wa jina la mtu, la baba na la babu, hausumbui nyumbani. Husumbua kwenye fomu za kigeni, ambako jina la babu hugeuzwa kuwa la ukoo na kugandishwa hapo. Iceland imekataa mgando huo: rais wake wa zamani, Vigdís Finnbogadóttir, ni Vigdís binti Finnbogi, basi.

Mwaka 1972 Mobutu, rais wa Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), aliwapiga marufuku raia wake kutumia majina ya Kikristo. Miongo kadhaa kabla, huko Afrika Kusini, mtoto aliyeitwa Rolihlahla aliambiwa na mwalimu, siku yake ya kwanza shuleni, kuwa sasa ni Nelson; ndiye Nelson Mandela. Mmoja alirudisha majina ya Kiafrika, mwingine aliyaondoa, na katika hali zote mbili mwenye jina hakuulizwa.

Wangari, mwanaharakati wa mazingira wa Kenya, aliwajibu watoaji wa namna hiyo kwa herufi moja. Baada ya talaka, mumewe wa zamani alimtaka aache kutumia jina lake, Mathai. Yeye akaongeza a ya pili, na Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004 ikaandikwa Maathai.