Sasisho Lililoahirishwa

Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, wafanyakazi wa hospitali nyingi za Uingereza walikuta dirisha jekundu limetanda kwenye skrini za kompyuta zao. Maandishi yalisema mafaili yote yamefungwa, na anayetaka kufunguliwa alipe dola 300 kwa bitcoin. Zikipita siku tatu, malipo ni maradufu. Zikipita saba, mafaili yamekwenda. Kirusi hicho kiliitwa WannaCry, na kilisambaa chenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta, bila kungoja mtu abonyeze chochote.

Walioumia zaidi ni wagonjwa. Inakadiriwa kuwa miadi 19,000 ilifutwa, ikiwemo ya upasuaji. Baadhi ya wagonjwa wa dharura walipelekwa hospitali za mbali, na madaktari wakalazimika kuandika kwa kalamu na karatasi.

Kinachouma ni kwamba kinga ilikuwapo. Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu ambalo kirusi hicho kilipitia tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa ikipata masasisho. Hazikuwekewa tu.

Dalili nazo hazikukosekana. Mwaka 2014 serikali iliziandikia taasisi zinazoendesha hospitali zijipange kuachana na programu za zamani kama Windows XP, iliyofikia mwisho wa huduma yake Aprili mwaka huohuo. Mwezi Machi na Aprili 2017 zilitumiwa tahadhari kwamba sasisho liwekwe. Taasisi 88 kati ya 236 zilikuwa zimekaguliwa usalama wa kompyuta zao, na hakuna hata moja iliyofaulu. Barua zilifika, tahadhari zikafika, lakini wizara ya afya haikuwa na utaratibu wa kuhakikisha kwamba agizo limetekelezwa. Wahenga walisema: mdharau mwiba, mguu huota tende.

Tusiwanyooshee vidole. Ujumbe wa sasisho hutujia sote tukiwa katikati ya kazi, barua inasubiriwa na bosi au bando linakaribia kuisha. Tunabonyeza “nikumbushe baadaye”, na kesho tunabonyeza tena. Wakati mwingine sasisho linajaribu, linakwama, linaandika namba ya hitilafu. Tunaifunga bila kuisoma, na kwa kuwa Word na Excel bado zinafunguka, tunadhani mambo ni salama. Sasisho linalokwama kila mara ni dalili ya kutafutiwa chanzo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, likikwama kwenye kompyuta ya ofisi, usiliache hivyo. Kwanza hifadhi kazi yako na uweke nakala kwenye diski ya nje, kisha uichomoe diski hiyo, maana nakala iliyobaki imechomekwa inaweza kufungwa na kirusi pamoja na mengine. Funga programu zote, zima kompyuta na uiwashe upya. Angalia kama diski ina nafasi, kama intaneti inapatikana, na kama tarehe na saa ni sahihi. Saa iliyokosea inatosha kuikatisha kompyuta mawasiliano na seva ya masasisho. Kama sasisho lililokwama ni la Office, yaani kifurushi chenye Word na Excel, fungua Word, nenda Faili, kisha Akaunti, uagize sasisho kutoka hapo. Likigoma tena, Office ina njia mbili za kujirekebisha: ya haraka isiyohitaji intaneti, na ya kina inayoihitaji. Ikishindikana, nakili namba ya hitilafu kama ilivyo umpelekee fundi. Hiyo itampunguzia kubahatisha.

Tazama pia umri wa programu yako. Office 2016, Office 2019 na Windows 10 zilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Programu iliyopita muda wake inaweza kukaa kimya bila kudai sasisho lolote, na ukimya huo usitudanganye.

Wenye ofisi wana jukumu zaidi. Kutuma waraka wa “sasisheni kompyuta” hakutoshi. Hata Uingereza barua zilitumwa. Mteueni mtu mmoja, apewe bando na muda, apite meza kwa meza akihakikisha kila kompyuta imesasishwa, na ile iliyogoma iandikwe jina na ifuatiliwe mpaka ipone. Anzeni wiki hii.