Kuficha Kipawa: Je, Ni Unyenyekevu?



Mara hii tumeona vema tuzungumze juu ya jambo linalotokea kimya kimya katika nyumba zetu. Kwa kuwa halipigi kelele, hatulihesabu kuwa kosa. Jambo lenyewe ni kuficha kipawa. Yupo mama mwenye sauti nzuri, lakini kwaya ikimwita husema ana mafua. Yupo kijana hodari wa hesabu, lakini kikundi kikimtaka awe mweka hazina huinamisha kichwa. Nasi tukiwaona hao twasema, "Hawa ni wanyenyekevu." Je, ni kweli?

Tunauliza hivyo kwa sababu ya binti mmoja, ambaye hatutamtaja jina lake wala shule yake. Mwalimu wake aliona jambo la ajabu. Katika daftari la mazoezi binti alikuwa akipata hesabu zote, lakini katika mtihani wa majaribio alikosa zile zile alizozijua. Mwalimu alipoichunguza karatasi aliona kwamba jibu la kweli lilikuwa limeandikwa, kisha likafutwa kwa raba, na juu yake likawekwa jibu lisilo sahihi. Akamwita kando, akamwuliza kwa upole. Binti alinyamaza muda mrefu. Hatimaye alisema kwamba anayeshika nafasi ya kwanza huitwa mbele ya shule nzima, na wavulana humcheka. Tena nyumbani ameambiwa asijisumbue mno, maana akifaulu atawaletea wazazi gharama.

Tuliposikia habari hiyo tulikumbuka habari nyingine tuliyopata kuisoma, ya mwanamke wa nchi ya mbali sana ambaye alipokuwa binti mdogo naye alifanya vivyo hivyo. Tumeona tuwasimulieni, kisha tufikiri pamoja.

BINTI WA USWIDI

Annika Sörenstam alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1970, karibu na mji wa Stockholm, katika nchi ya Uswidi. Kazi iliyompatia jina ni kucheza gofu. Wengi wetu hapa Nangwa hatujapata kuuona mchezo huo, ingawa viwanja vyake viko Arusha na Moshi. Mchezaji ana mpira mdogo mgumu, na fimbo za namna mbalimbali za kuupigia. Huupiga kutoka mbali mpaka uingie katika shimo dogo ardhini, kisha huenda kwenye shimo la pili, na la tatu, hadi yatimie mashimo 18. Mapigo yote huhesabiwa, na aliyetumia mapigo machache ndiye mshindi. Ni mchezo unaotegemea sana uaminifu, kwa kuwa mara nyingi hakuna mwamuzi karibu, na mchezaji mwenyewe yampasa kutaja kosa lake.

Annika alianza mchezo huo akiwa na umri wa miaka 12. Yeye na mdogo wake Charlotta walikuwa na seti moja tu ya fimbo, wakagawana: mmoja akachukua zenye namba witiri na mwingine zenye namba shufwa. Sisi tuliosoma watoto watatu kwa kitabu kimoja twaelewa vizuri mambo hayo. Husimuliwa pia kwamba siku moja ya mvua aliacha mazoezi, akamwita baba yake aje kumchukua. Walipokuwa wakiondoka, baba aliwaona watoto wengine wangali wakipiga mipira katika mvua. Hakumkaripia. Alimwambia tu kwamba hakuna njia ya mkato ya kufikia mafanikio. Binti alilishika neno hilo.

Basi akawa hodari. Lakini alikuwa na haya nyingi kupita kiasi. Katika mashindano ya watoto, desturi ilikuwa mshindi asimame mbele ya watu na kusema maneno machache ya shukrani. Jambo hilo lilimtisha kuliko kushindwa. Kwa hiyo, alipoona anakaribia kushinda, na mpira uko karibu kabisa na shimo, aliupiga kwa makusudi ukapita kando. Akaongeza pigo moja, na pengine la pili, akawa mtu wa pili. Kikombe alikichukua mwingine, naye Annika akarudi nyumbani bila kusema neno.

Waalimu wake wakagundua. Hapa tunaomba msomaji asome polepole, maana ndipo lilipo jambo kubwa. Hawakumwaibisha, wala hawakumpa hotuba ndefu juu ya ujasiri. Walibadilisha utaratibu tu. Katika mashindano yaliyofuata walitangaza kwamba mshindi atasema mbele ya watu, na wa pili naye atasema. Binti akafikiri: ikiwa kusimama mbele ya watu ni lazima kwa vyovyote, basi afadhali nishinde. Tangu hapo akaacha kukosa kwa makusudi.

Yaliyofuata yanajulikana duniani. Mwaka 1995 alishinda mashindano makubwa ya wazi ya wanawake ya Marekani, na mwaka 1996 akayashinda tena. Mwezi Machi 2001 alimaliza mashimo 18 kwa mapigo 59, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya katika mashindano ya wanawake wa kulipwa ya Marekani. Mchezaji mwema huridhika akimaliza kwa mapigo 70 hivi. Alipostaafu mwishoni mwa mwaka 2008 alikuwa ameshinda mara 72 katika mashindano hayo, na kumi kati ya hizo ni zile kubwa kuliko zote. Tufikiri kidogo: hayo yote yangaliweza kuishia katika mpira mmoja uliopigwa kando ya shimo ili mtoto asisimame mbele ya watu.

KOSA LIKO WAPI?

Mtu aweza kusema, "Lakini binti huyo alimkosea nani? Hakuiba, hakumpiga mtu. Hata sheria ya mchezo hakuivunja, maana hakuna sheria inayomkataza mtu kukosa shimo." Ni kweli. Hata hivyo sisi twaona kuna makosa matatu, nayo si madogo.

Kwanza, ni uongo. Pigo lile lilisema, "Siwezi," na moyo ulijua kwamba waweza. Tumezoea kudhani kwamba anayesema uongo juu ya nafsi yake ni yule anayejikweza tu. Lakini anayejishusha chini ya kweli naye amesema jambo lisilo kweli. Unyenyekevu ni kujiona ulivyo, bila kuongeza. Basi vipi uwe ni kupunguza?

Pili, amedhulumiwa yule aliyepewa ushindi. Huenda tukadhani alipata faida, maana alikwenda nyumbani na kikombe. Lakini kikombe kile hakikumwambia kweli juu ya uwezo wake. Alidhani amefika, kumbe bado. Anayetuachia njia bila sisi kujua ametunyima nafasi ya kujua tulipo na ya kuongeza bidii.

Tatu, wamenyimwa wale ambao kipawa kile kingewafaa. Sauti iliyofichwa kwa mafua ya uongo si hasara ya mwimbaji peke yake, bali ni hasara ya kwaya nzima. Muuguzi ambaye hakupatikana kwa sababu aliyafuta majibu yake darasani, je, wagonjwa hawakumpoteza? Nao hawatajua kamwe kwamba walimpoteza.

Sote twamjua yule mtumwa wa mfano aliyeizika talanta ya bwana wake. Hakuila wala hakuipoteza, aliirudisha nzima. Naye alipoulizwa alitaja sababu moja tu: aliogopa. Ni sababu ile ile ya binti wa Uswidi, na ya binti wetu mwenye raba.

LAKINI JE, MAJIVUNO?

Wazee watatujibu kwa methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nasi hatuipingi. Mtoto anayejitangaza kila mahali huchosha, na mwenye kipawa akikosa adabu, kipawa chake huwa mzigo kwa wenzake. Tulilelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, na malezi hayo yametusaidia kukaa pamoja kwa amani. Hatutaki kuyatupa.

Lakini methali yenyewe tuisikilize vizuri. Chema chajiuza kikiwa sokoni. Mbaazi zilizofungiwa ghalani hazijiuzi, hata zikiwa nzuri namna gani. Kutojitembeza ni adabu. Kujifungia ghalani ni jambo jingine. Anayejivuna na anayejificha wanafanana kwa jambo moja: wote wawili wanafikiri mno juu ya macho ya watu. Mmoja anayatafuta, mwingine anayakimbia. Mnyenyekevu hushika kazi iliyo mbele yake, watu wakitazama au wasipotazama.

Katika nchi hii yetu tunao mfano wa mtu wa namna hiyo. John Stephen Akhwari alizaliwa Mbulu mwaka 1938. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia mbio za marathoni za Olimpiki katika jiji la Mexico. Alianguka njiani, akaumia vibaya goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda, na zaidi ya saa moja ikapita. Giza lilikuwa limekwisha kuingia na watazamaji wengi wameondoka, ndipo Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, akaumaliza mwendo. Waliomaliza walikuwa 57, naye alikuwa wa mwisho. Alikuwa na kila sababu ya kujificha, lakini hakujificha. Leo, kwa wengi wanaosimulia mbio zile, jina lake hutajwa kabla ya jina la mshindi.

Na huyo Annika alikuja kujifunza somo hilo hilo. Mwezi Mei 2003, huko Fort Worth, Texas, alikubali kucheza pamoja na wanaume katika mashindano yao ya kulipwa. Tangu mwaka 1945 hakuna mwanamke aliyekuwa amefanya hivyo. Wako wanaume waliosema waziwazi kwamba pale si mahali pake. Siku ya kwanza alitumia mapigo 71, siku ya pili 74, na kwa hesabu hiyo hakuruhusiwa kuendelea. Alilia mbele ya watu wote. Binti aliyekuwa akikosa shimo ili asionekane akishinda, sasa alikubali kuonekana akishindwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nasi twaongeza kwamba asiyekubali kuonekana hata kushindana hajaanza.

WAJIBU WETU

Mpaka hapa tumesema na mwenye kipawa. Lakini haki yatudai tuseme na sisi wenyewe tunaomzunguka, maana mtoto haanzi kujificha bila sababu. Hujificha kwa kuwa kujificha kunamlipa. Annika alilipwa kwa kuachwa kimya. Binti wetu analipwa kwa kutochekwa na wavulana, na kwa kuwa na amani na wazazi wake. Tukimwambia tu, "Jipe moyo," na huku malipo hayo yangali pale pale, tumesema bure. Waalimu wa Uswidi waliyaondoa malipo. Wakafanya kujificha kusiwe na faida, na mtoto akatoka mwenyewe.

Basi tuulizane: sisi twaweza kubadilisha nini? Shuleni, huenda mtoto wa kwanza asiitwe peke yake kusimama kama mti, bali waitwe kumi, wavulana kwa wasichana. Katika kwaya, kila mwimbaji apewe zamu ya kuongoza ubeti mmoja, ili kuongoza kusiwe jambo la kuogofya. Katika vikundi vyetu, tusimcheke anayekosea akisoma kwa sauti, maana kicheko kimoja chaweza kufunga vinywa kumi.

Na nyumbani kuna neno zito zaidi. Si siri kwamba wako wazazi katika nchi hii wanaowaambia binti zao waandike majibu mabaya katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ili wakae nyumbani, waolewe, mifugo iingie zizini. Hapo si haya tena. Mtoto mwenye haya hujificha mwenyewe, lakini huyu amezikwa na wengine. Twajua umaskini. Twajua miaka ambayo mvua haikunyesha na mahindi yakakauka, na hatumhukumu mtu kwa kuogopa gharama. Lakini kumwamuru mtoto aseme uongo kwa mkono wake mwenyewe, na uongo huo umfunge maisha yake yote, hiyo ni dhuluma, hata ikifanywa na baba mwenye upendo. Kama tatizo ni sare na daftari, na liletwe mbele ya ndugu, jirani na usharika. Kwa harusi na misiba twachangishana. Kwa nini tusichangishane kwa hili?

Hatusemi kila binti atakuwa bingwa. Jirani yetu Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh, alikuwa kijana wa miaka 20 aliposhinda marathoni ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, Kanada, mwaka 1978. Na mwaka 1982 huko Brisbane, Australia, akashinda mita 10,000. Watu wa namna yake ni wachache. Lakini hakuna aliyemwambia apunguze mwendo asije akaonekana. Hicho ndicho tunachowaombea watoto wote wa Hanang, wavulana na wasichana.

Yule mwalimu, twaelezwa, hakumwadhibu binti. Alimrudishia karatasi yake na penseli, lakini raba akaibakiza mezani kwake. Akamwambia aketi, azifanye tena zile hesabu, naye atamngoja. Watoto wengine walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani. Binti akazifanya zote, akazipata zote. Kesho yake mwalimu alikwenda kuzungumza na wazazi.

Ndugu, nasi na twende.