Nyumba ya asiye na nyumba: ni zawadi ao ni deni?

Wazee wetu walituachia neno hili: mugeni siku mbili, siku ya tatu mumupe jembe. Kila mutu analijua, na mara nyingi tunalisema kwa kucheka, wakati mugeni amekawia kuaga. Lakini ni neno nzito. Tunataka kulichunguza hapa juu ya swali moja ambalo tuliulizwa darasani na ambalo mupaka leo linatusumbua.

Siku ile tulikuwa tunafundisha elimu ya uraia katika mwaka wa tano wa sekondari. Tuliandika ubaoni kifungu cha 48 cha Katiba yetu, ile iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kifungu hicho kinasema kwamba haki ya kuwa na makao yenye kufaa, pamoja na maji safi na umeme, inahakikishwa. Wanafunzi wakaandika. Kisha binti mumoja wa Kadutu akainua mukono. Nyumba yao ya mbao iliungua pamoja na za majirani, na tangu hapo walikuwa wanalala kwa mujomba. Akauliza: «Mwalimu, kama ni haki, tuende kuiomba kwa nani?» Darasa lote likacheka. Yeye hakucheka. Sisi tulijibu kwamba saa ya somo imekwisha, na kengele ilikuwa haijalia bado.

Basi kurasa hizi ni jibu lenye kukawia.

1. Desturi ya kukaribisha, na mupaka wake

Wengi watasema: kwetu hakuna mutu asiye na nyumba, juu kila mutu ana ndugu. Na ni kweli kwamba desturi hiyo imeokoa watu wengi kuliko ofisi yoyote. Tarehe 17 Januari 2002, wakati volkano ya Nyiragongo ilipasuka na moto wake kupita katikati ya muji wa Goma, watu zaidi ya laki moja walibaki bila makao. Wengi wao hawakulala chini ya hema. Walilala kwa ndugu, kwa rafiki, kwa watu wa kanisa, hata kwa watu wasiowajua. Wengine walishuka kwa mashua mupaka hapa Bukavu.

Kwetu pia walifika. Sisi tulikuwa na miaka 20 hivi. Alikuja shangazi, bwana yake na watoto watano, na baba yetu hakuuliza hata swali moja. Aliondoa viti sebuleni, akatandika mikeka. Juma la kwanza lilikuwa kama sikukuu. Juma la tatu, mama alianza kupima unga kwa kikombe. Juma la sita, sisi wenyewe tulikuwa tunahesabu sahani kimyakimya, na tuliona haya kwa kuhesabu, lakini tulihesabu.

Jambo moja tulilikumbuka kuliko njaa. Bwana ya shangazi, ambaye huko Goma alikuwa fundi wa magari mwenye kusema kwa sauti kubwa, alianza kupiga hodi kila mara anapoingia katika nyumba ile ile anamolala. Hakuna aliyemwambia apige hodi. Ni yeye mwenyewe aliyejiona hana mulango. Siku moja mama akamwambia: «Shemeji, ingia tu, hapa ni kwako.» Akajibu kwa upole: «Asante, mama. Hapa ninapumuzika. Kwangu ni chini ya mawe.»

Hapo tulianza kuelewa kwamba kulaza mutu ni kitu kimoja, na kumupa kwake ni kitu kingine. Ukarimu wa ukoo unalaza. Hauwezi kila mara kumupa mutu kwake, juu mwenye kukaribisha yeye mwenyewe ana parsele ndogo, ao anapanga. Na wazee walijua hilo. Njo maana walisema siku ya tatu apewe jembe. Lakini musomaji, angalia vizuri: jembe bila udongo ni chuma tu. Anayepewa jembe lazima aonyeshwe pia pahali pa kulima.

2. Kalinzi na bwasa

Hapa desturi ya Bushi inatusaidia sana. Zamani, mutu aliyefika bila pahali pa kukaa alikwenda mbele ya mwami, ao mbele ya mukubwa aliyesimamia kilima kwa jina la mwami. Kulikuwa njia mbili.

Njia ya kwanza iliitwa kalinzi. Mutu alitoa ng'ombe, ao mbuzi, mbele ya washuhuda, naye akapewa shamba. Pale alijenga, alipanda migomba, alizaa watoto, na watoto wakariti. Kalinzi haikuwa bei ya sokoni. Ilikuwa kifungo kati ya watu wawili: mutu alimuheshimu mwami, na mwami alimulinda mutu pale pale alipo. Alipofanya uasi, aliweza kunyanganywa. Lakini bila kosa, alikuwa kwake.

Njia ya pili iliitwa bwasa. Hapo mutu alipewa kipande cha udongo kwa musimu ao misimu kazaa, kwa malipo madogo, kwa pombe ao kwa mikono yake. Alilima maharagi na viazi. Lakini migomba hapana! Juu mugomba unakaa miaka mingi, na mwenye kupanda kitu cha miaka mingi anasema kwa vitendo kwamba yeye ni wa pale. Mutu wa bwasa hakuacha uriti. Neno moja tu lilitosha, akaondoka.

Tusidanganyane kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Masikini bila ng'ombe alibaki katika bwasa maisha yake yote. Wanamuke karibu wote hawakupata kalinzi kwa jina lao. Walipata bwasa, ao walikaa juu ya kalinzi ya bwana. Hatuandiki hapa ili kulilia zamani. Tunaandika juu desturi hiyo ilitupa maneno mawili, na kwa maneno hayo tunaweza kupima musaada wowote wa makao: je, huu ni kalinzi ao ni bwasa? Anayeupokea anaweza kupanda mugomba, ao hawezi?

3. Aliyechukua udongo alichukua na deni

Kisha Leta ilikuja. Sheria ya mwaka 1973 ilisema wazi kwamba udongo wote wa inchi ni mali ya Leta peke yake. Tangu hapo karatasi ilianza kushinda mushuhuda. Matajiri wenye kujua njia ya ofisi walipata mashamba makubwa, na familia ambazo babu yao alitoa kalinzi waliambiwa kwamba hawana karatasi. Wengi wao njo wale tunaowaona leo juu ya milima ya Bukavu, pale mvua ikinyesha nyumba inashuka pamoja na udongo.

Sasa tufikiri pamoja. Zamani, mwami alikuwa bwana wa udongo, na kwa sababu hiyo alikuwa na kazi ya kuweka watu. Hakuweza kusema: kilima ni changu, lakini ninyi mulale popote. Mamlaka na deni vilitembea pamoja kama mukono na kiganja. Kama Leta ilichukua nafasi ya mwami juu ya udongo, ilichukua pia deni lake. Haiwezi kurizi ng'ombe na kukataa kulinda. Kwa hiyo mutu asiye na nyumba akienda mbele ya Leta, haendi kuomba zawadi. Anakwenda kukumbusha deni. Kifungu cha 48 hakikuanzisha deni hilo. Kilililiandika tu kwa wino.

4. Lakini ni nyumba ya namna gani?

Mutu atatuuliza: basi Leta ijenge tu? Hapana, kujenga peke yake hakutoshi. Wakati wa ukoloni, kuanzia mwaka 1952, kulikuwa ofisi iliyoitwa OCA, ni kusema Ofisi ya Miji ya Waafrika. Ilijenga maelfu ya nyumba Léopoldville, Elisabethville, Stanleyville, na hapa kwetu Bagira. Nyumba zile zilikuwa nguvu, nyingine zinasimama hata leo. Lakini zilijengwa pia ili wafanyakazi weusi wakae pamoja, mbali na mitaa ya wazungu, pale serikali inaweza kuwahesabu. Nyumba ya Leta inaweza kuwa makao, na inaweza kuwa lupango.

Kuna tena musaada wa bashe. Hatuudharau, juu usiku wa mvua bashe ni mama. Lakini bashe ni bwasa. Tuliona hilo Goma. Nyiragongo ilipopasuka tena tarehe 22 Mei 2021, na wakati vita ilipojaza kambi za Kanyaruchinya na Bulengo, watu waliishi miaka chini ya kitu kilichofanywa kwa majuma. Halafu Februari 2025, kisha muji kutekwa na M23, kambi zilitolewa katika siku chache. Watu waliambiwa warudi kwao, na wengi hawakujua kama kule kwao bado kunabaki ukuta. Neno moja lilitosha, wakaondoka. Je, si ile ile bwasa?

Na sheria peke yake? Afrika ya Kusini inatufundisha. Mama mumoja aliyeitwa Irene Grootboom, pamoja na wenzake waliokuwa wamefukuzwa na kukaa uwanjani, walishitaki serikali, na mwaka 2000 kesi yao ilikatwa na mahakama ya Katiba. Walishinda. Hukumu hiyo inasomwa leo na wanasheria wa dunia nzima. Lakini Irene Grootboom alikufa mwaka 2008, akiwa bado katika kibanda. Alikuwa na haki mukononi, na hakuwa na ufunguo.

Kwa upande mwingine, tuangalie inchi ya Ufini. Tangu 2008, walianza kuacha vitanda vya usiku mumoja na kumupa asiye na makao nyumba kwanza, hata kama bado ana shida ya pombe ao ya madeni. Mapatano ya kupanga yanaandikwa kwa jina lake, naye analipa kodi, Leta ikimusaidia. Miaka iliyofuata, hesabu ya wasio na makao ilipunguka sana. Wale ni matajiri, tunajua. Lakini siri yao si feza peke yake. Siri yao mutu wa Bushi anaielewa mara moja: jina lake, mushuhuda, na kitu anachotoa yeye mwenyewe. Ni kalinzi.

5. Maneno ya wale wanaokataa

Tumesikia mara nyingi maneno mawili. La kwanza: «Ukipa mutu nyumba ya bure, atazoea kukaa bure.» Tunajibu kwamba desturi haikumupa mutu udongo bila kitu. Mutu apewe nafasi ya kutoa: siku za kazi, matofali, kodi ndogo kadiri ya nguvu yake. Si kwa kumuazibu. Ni kwa kumuondolea haya. Anayetoa kitu haingii tena kwa kupiga hodi. Lakini yule asiyeweza kutoa, muzee, mugonjwa, mujane mwenye watoto? Hapo desturi yetu ilikosea, na tusirudilie kosa lake. Umoja wa watu utoe kwa ajili yake, na jina liandikwe la kwake, hata kama ni jina la mwanamuke.

La pili ni zito zaidi: «Sisi wapangaji tunalipa garanti ya miezi mingi kwa bayere, tunateseka, na hakuna anayetusaidia. Kwa nini yule apate?» Sisi walimu tunaelewa kilio hiki, maana mushahara wetu tunaujua. Lakini deni la Leta kwa mumoja halifuti deni lake kwa mwingine. Mupangaji anayefukuzwa kesho ni yule asiye na nyumba wa kesho kutwa. Wako katika foleni moja. Wakipigana katika foleni, mwenye dirisha anafunga na kwenda zake.

6. Tumalizie

Bwana ya shangazi alirudi Goma kisha miezi mine. Parsele yake ilikuwa chini ya mawe meusi, na alama za mupaka zilikuwa zimepotea. Alikaa siku mbili akibishana na jirani kwa upole juu ya wapi ulikuwa muti wa avoka. Walipopatana, waliita shefu wa avenii na washuhuda wawili, wakaweka mawe manne. Alijenga kwanza kwa bashe, halafu kwa mbao, halafu akapandisha manjanja. Tulipomutembelea, sisi njo tulipiga hodi. Alifungua mulango pole pole, kama mutu anayefurahi kusikia mulango wake ukilia.

Kwa hiyo, kwa ndugu wasomaji tunasema: tuendelee kulaza wageni, maana siku Leta inapokawia, mukeka wa ndugu haukawii. Lakini tusiache mukeka wa ndugu uwe kisingizio cha Leta. Kwa wale wanaotawala, leo ao kesho, tunasema: musihesabu bashe munazogawa, muhesabu watu wanaoweza kupanda mugomba.

Na kwa binti yetu wa mwaka wa tano, aliyeuliza aende kuomba kwa nani, tunajibu sasa: usiende kuomba, mwanangu, na usiende peke yako, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Muende pamoja, ninyi wote ambao nyumba zenu ziliungua, kwa shefu wa kartie, halafu kwa komine, mukiwa na orodha ya majina na washuhuda. Na siku hiyo, mwalimu wenu atasimama katika musitari pamoja nanyi, juu siku ile alikimbia kengele.