Msimulizi na Amana Yake

Je, ngano ni mali ya anayeisimulia? Seán Ó Conaill, mkulima na mvuvi wa Cill Rialaig, pwani ya Kerry nchini Ayalandi, hakujua kusoma wala kuandika, lakini kichwani alihifadhi ngano chungu nzima. Uzeeni alikosa wa kumsikiliza. Mtafiti Séamus Ó Duilearga, aliyekutana naye mwaka 1923, ameeleza kwamba mzee huyo alikuwa akijisimulia peke yake njiani, kwa sauti na kwa ishara za mikono, ili asizisahau. Hapakuwa na malipo, wala wa kumpigia makofi. Mtu akichoka na mali yake huiacha ipotee na hakuna wa kumlaumu. Ó Conaill alijiona anadaiwa. Ndiyo maana nashikilia kwamba ngano ni amana, na aliyenayo ana deni kwa waliompa na kwa watakaoipokea.

Yupo atakayeuliza: kama ni mbebaji tu, sifa yake iko wapi? Amtazame Séamus Ennis (1919–1982), msimulizi na mpiga zumari ya Kiayalandi, ile inayojazwa upepo kwa mvukuto unaobanwa kwa kiwiko. Kuanzia 1942 hadi 1947 alizunguka vijijini kwa baiskeli akikusanya nyimbo za wazee. Kwa Colm Ó Caodháin wa Connemara peke yake alipata zaidi ya 200. Tuni ya kale ikipita vidoleni mwake ilitoka na madoido yake mwenyewe, na bado wazee waliitambua. Amana ya namna hii hutunzwa kwa kutumiwa vizuri, na hapo asiye fundi hawezi kitu.

Pingamizi zito zaidi, nami nalikubali nusu, ni kwamba ukiita sanaa amana ya wote umempa mjanja ruhusa ya kuiuza, huku aliyeihifadhi akiambulia patupu. Hatari hiyo ni ya kweli. Lakini kosa si la wazo la amana, ni la kulisahau fungu la mtunzaji. Msimamizi wa mali ya yatima, akiwa fukara, Kurani inamruhusu kula humo kwa kadiri. Sembuse mzee aliyelinda urithi wa kijiji kizima? Kwa hiyo anayewarekodi wazee, kisha akauza sauti zao bila kuwataja wala kuwalipa, amehini amana, na ni haki adaiwe.